Lulu Tatu na Bakuli la Ukwaju

Al Rayyan, Doha,
Qatar.
Jumamosi, 22 Februari 2014

Mpendwa Shangazi Mwanahawa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua kuvimba, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia kwa mkono wa mke wa Zuberi unaitumia, hukuitia kabatini kuwatunzia wageni. Nakujua. Mimi huku ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Kinachoniuma hakina daktari, na ndicho kilichonifanya leo nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungelia, nami ningelia, na salio lingekwisha bado hatujafika popote.

Barua hii anakuletea Idrisa, dereva wa nyumba hii, mtoto wa Chumbageni, anayekuja likizo ya miezi miwili. Mpe chai na usimwachie aondoke bila kula. Yeye anaijua habari yote nitakayokueleza. Ukitaka kumwuliza neno, mwulize, ila asihadithie mbele za watu.

Nimefurahi sana kusikia Khadija amejifungua salama. Mpe hongera zangu, na mwambie jina la Abdallah ni zuri, ingawa ukoo wetu tayari una akina Abdallah watatu na mtu akibisha hodi kumwita mmoja wanatoka wote. Kanga za mtoto nimempa Idrisa, jozi mbili. Ile yenye maua ya zambarau ni yako, usimgawie mtu.

Huku baridi inaanza kuondoka. Asubuhi bado navaa sweta, lakini mchana jua limerudi na vumbi lake. Mji unajengwa kila upande. Juzi tulimpeleka Bibi wa nyumba hii kwa gari mpaka upande wa Lusail akapunge hewa, akaniuliza mbona kuna kelele kiasi hiki, nikamwambia wanajenga. Akasema, wanajengea nani?

Sasa nikae nikueleze, Shangazi. Nimezunguka vya kutosha.

Bibi Hissa unamjua kwa simulizi. Ndiye mama mzee ninayemtunza, na huu ni mwaka wa sita. Macho yake yamefunga, haoni ila mwanga wa dirishani, lakini vidole vyake vinaona kuliko macho yangu. Akishika shuka anajua kama nimebadilisha sabuni. Binti yake ndiye mwenye nyumba, jina lake Latifa, nasi sote tunamwita Madam. Na binti wa Madam ni Nuf, ambaye nilimkuta akienda shule na mkoba mgongoni, na mwezi uliopita ameolewa.

Baba yake Bibi alikuwa mzamiaji. Kabla ya mafuta na magorofa watu wa huku walikula kwa lulu. Walikaa baharini miezi minne ya joto, wanashuka chini kwa jiwe na kamba, pua zimebanwa kwa kibanio. Lulu zilikwenda kwa nahodha na kwa matajiri, mzamiaji akabaki na deni na kifua kibovu. Lakini yule mzee aliweza kumbakishia binti yake lulu tatu, ndogo, kila moja kama punje ya choroko. Bibi alizifunga kwenye kitambaa chekundu, na kila baada ya sala ya alasiri alinitaka nimpe. Alizisokota moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anaipitisha kwenye meno. Aliniambia lulu ya kweli inakwaruza jinoni kama mchanga laini, na ya bandia inateleza. Siku moja alinitia moja mdomoni niisikie mwenyewe, nikakaa nayo naogopa hata kumeza mate.

Nuf alipochumbiwa, Bibi akasema lulu ni zake. Hapo yakaingia mambo ya vijana. Mimi na wewe tungefikiri kidani. Nuf hataki kidani, anataka pete tatu nyembamba, kila moja na lulu yake, zivaliwe zote kidole kimoja, moja juu ya mwenzake. Ndiyo fasheni ya sasa. Wananunua kipete leo, kesho wanaongeza kingine, wanavipandanisha mpaka kidole hakikunjiki. Nilimwambia zinafanana na pete za mapazia, akacheka, akaniambia, "Saada, wewe ni wa zamani kuliko Yumma." Yumma ndivyo wanavyomwita Bibi.

Na dhahabu yenyewe hakuitaka ya manjano. Aliitaka ile ya rangi ya waridi, wenyewe wanaiita rozi goldi, dhahabu iliyotiwa shaba kwa makusudi ili iwe nyekundu. Jina hilo nimelijua baadaye, yalipokwisha kuharibika. Siku Nuf anaagiza pale dukani mimi nilikuwa mlangoni nahangaika na kiti cha magurudumu cha Bibi, gurudumu limenasa kwenye zulia.

Duka liko Al Sadd. Aliyetuhudumia ni dada wa Kikenya, Millicent, mtu wa Nakuru. Aliposikia namsemesha Idrisa akanigeukia, "Kumbe wewe ni wa huko kwetu? Karibu dada, keti." Sikwambii furaha ya kuitwa dada katika duka ambalo hata walinzi wanakutazama viatu. Bibi alikataa kumkabidhi Nuf lulu, akakataa kumkabidhi mwenye duka. Alimtaka yule anayeziandika. Millicent akanyoosha mkono, Bibi akaushika, akaupapasa kiganja na vidole kama mtu anayenunua kitambaa, ndipo akaziweka moja, mbili, tatu. Millicent akazipima kwenye mizani ndogo, akaandika uzito kwenye karatasi, akatia sahihi yake. Zilipotobolewa zikapimwa tena, akatia sahihi tena.

Pete zilirudi siku nne kabla ya harusi. Nuf alinipa kikasha nikiweke chumbani kwa Bibi, maana chumba chake kilikuwa kimejaa masanduku na mashangazi. Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, nikakifungua karibu na dirisha ili nizitazame vizuri. Shangazi, nikaona dhahabu nyekundu.

Wewe unajua nilichofikiri, hata nisipokuandikia. Nimekulia kwenye mkeka wako. Kila ikikaribia Idi ulikuwa unavua bangili zako, zimeota wekundu kwa jasho na sabuni, unaziloweka kwenye bakuli la ukwaju, mchana unazisugua kwa mswaki na magadi, zinatoka manjano kama kiini cha yai. Ulikuwa unaniambia dhahabu ikiwa nyekundu ina kiu ya ukwaju. Basi nikajisemea, masonara hawa wametuletea pete chafu, na mtoto wa watu atazivaa usiku wa hina mbele ya wanawake mia mbili wenye macho makali. Nikaona nimeigundua aibu kabla ya wenyewe. Nilijisikia mjanja, Shangazi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba nilikuwa nafurahi.

Kuuliza si ujinga, na Nuf alikuwa chumba cha pili. Sikumwuliza. Nilikwenda jikoni, nikachukua ukwaju wa mpishi, nikaukoroga mzito, nikatumbukiza pete zote tatu. Zikakaa humo tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kisha nikazitoa nikazisugua kwa mswaki na magadi, kwa nguvu, maana wekundu haukutoka.

Dhahabu ilibaki nyekundu vilevile. Lulu ndizo zilizobadilika. Ule mwanga wake wa ndani ulikuwa umeondoka. Zilikuwa nyeupe bila uhai, kama jicho la samaki aliyeiva, na nilipopitisha kidole nikasikia zinaparuza. Nikazisuuza kwa maji mengi, nikazifuta, nikazitazama, nikazisuuza tena. Nikakaa chini sakafuni. Wewe bangili zako hazikuwa na lulu, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kuwa na lulu, ningejua wapi kwamba ukwaju unazila? Nimeambiwa baadaye kwamba lulu ni ya jamaa moja na ganda la kombe, na kitu kichachu hulimenya. Hata jasho, hata manukato yanaiumiza. Watu wa huku wanaojua mambo hayo wanayajua tangu utotoni, na hakuna anayefikiri kumwambia mtumishi.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga. La pili lilikuwa langu kwa akili timamu. Nilizipaka mafuta ya nazi, yale yale ninayompaka Bibi nywele, zikang'aa kidogo. Nikazirudisha kwenye kikasha. Nuf akazivaa usiku wa hina, akazivaa siku ya harusi, na taa zilikuwa nyingi na hina mbichi, hakuna aliyeona kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha Bibi nimeshika glasi ya maji, nasikia wanawake wanapiga vigelegele.

Siku ya nane baada ya harusi Nuf alikuja kumwamkia bibi yake. Akaketi kitandani, akampa mkono. Bibi akavipata vile vipete, akatabasamu, akaanza kupapasa. Tabasamu likaondoka polepole. Akavuta mkono wa Nuf mpaka mdomoni, akapitisha lulu kwenye meno, moja, ya pili, ya tatu. Kisha akauachia mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hizi si za baba yangu."

Madam alikuwa amesimama mlangoni. Aliwasha taa zote, akazitazama kwa karibu, akaona kweli hazina mwanga. Akanigeukia akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeshika kikasha. Nikasema hakuna. Aliniuliza mtu mwingine, nami nikamjibu la mtu mwingine. Hakupata hata wazo la kuniuliza kama ni mimi.

Kesho yake wakaenda dukani. Mwenye duka alizitoa lulu kwenye pete, akaziweka juu ya mizani. Zilikuwa nyepesi kuliko karatasi ya Millicent inavyosema, hata ile ya baada ya kutobolewa. Ukwaju ulikuwa umekula uzito wake, Shangazi, lakini nani angesema hivyo? Kwa hesabu ya mizani, lulu zilizoingia dukani si lulu zilizotoka. Na sahihi ni ya mtu mmoja.

Hawakuita polisi. Mwenye duka hakutaka jina la duka litajwe, na Madam hakutaka jina la ukoo litajwe mwezi wa harusi. Mwenye duka akatoa lulu tatu nyingine, mpya, kubwa zaidi, mviringo mtupu, akazitia kwenye pete zile zile bila malipo. Nuf akazipenda zaidi ya zile za kwanza. Akasema zinaendana. Millicent akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, visa ikakatwa, akaambiwa asubiri tiketi ya kurudi kwao. Miaka minne aliyokaa hapa ikaishia hapo, na hata kuandikiwa barua ya kumsifu kazi akanyimwa, kwa hiyo hapati duka lingine popote Ghuba hii.

Mimi nilinyamaza siku kumi na moja. Nakuandikia idadi kwa sababu sitaki unifikirie vizuri kuliko nilivyo. Kila siku niliamka nikisema leo nitasema. Nikimwogesha Bibi, nasema nikimaliza. Nikimlisha, nasema akilala. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa jela, niliwaza wewe utakula nini na ada za watoto huko nyumbani atalipa nani. Niliogopa zaidi Bibi asije akaikataa mikono yangu. Alasiri ikifika alikuwa bado ananyoosha mkono kutaka kitambaa chekundu, kisha anakumbuka kwamba hakina kitu, anasokota vidole vitupu.

Siku ya kumi na mbili nikamwendea Madam sebuleni, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu. Ukwaju, magadi, mswaki, mafuta ya nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Ukwaju? Saada, ukwaju tunautia kwenye mchuzi. Watoto wanaulamba. Utakulaje jiwe?" Nikaapa. Nikasema nitaapa juu ya msahafu. Akaniinua, akasema, "Wewe na yule Mkenya mnasema lugha moja. Najua mnafunikiana, ndivyo mlivyo watu wa kwenu, na ni tabia njema. Lakini usijitie kwenye wizi wa mtu mwingine." Akaniambia tusilizungumze tena.

Sikukata tamaa siku hiyo. Ijumaa nilikwenda sokoni na Idrisa, nikanunua lulu moja ya kufugwa, zile wanazoziotesha kwa makusudi ndani ya chaza, ya bei rahisi, nikailoweka kwenye ukwaju kama nilivyofanya, nikamletea Madam kwenye kisosi. Ilikuwa imechubuka, nyeupe kama chokaa. Akaitazama, akasema vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Nikamwambia basi tujaribu moja ya hizi mpya. Hapo akanikasirikia kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na nilijua nimeongeza chumvi kwenye kidonda.

Nikaenda kwa mwenye duka. Idrisa alinipeleka, akakaa nje kwenye gari. Mwenye duka alinipokea ofisini, akafunga mlango, akanisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ukwaju akanyanyua macho, na hapo, Shangazi, nikaona kwamba anajua. Alijua tangu siku ile ya mizani. Mtu aliyeshika lulu maisha yake yote hawezi kukosa kuijua lulu iliyoliwa na uchachu. Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Akajibu, "Mama, nimwambie mteja kwamba nyumba yake imeharibu mali yake? Nyumba ile inanunua kwangu tangu enzi za baba yangu. Nenda nyumbani. Jambo limekwisha." Nikamwambia halijakwisha kwa Millicent. Akasema wasichana wa kuuza watapatikana wengine. Kisha akafungua droo kunionyesha, na lulu tatu za yule mzamiaji zilikuwa humo kwenye kibahasha cha plastiki, pamoja na vishikizo na minyororo iliyokatika. Nikamwomba anipe. Akasema, nikikutwa nazo nitakuwa mwizi kweli.

Akaisukuma droo ikafunga. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo mnavyosema wazee, lakini hamjasema mtu akishampisha aende wapi.

Alibaki Bibi. Nikamwambia alasiri, tukiwa wawili. Nilimweleza polepole, kwa Kiarabu changu kilichopinda, na nikamshika mkono nisije nikakimbia. Alinisikiliza. Akauliza, "Kwa hiyo lulu za baba yangu ziko wapi?" Nikasema ni zilezile, Bibi, zile ulizozipapasa, mimi ndiye niliyezichubua. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana, binti yangu. Mimi za baba nazijua." Akanipapasa uso, akakuta machozi, akaanza kunituliza mimi. Akasema usilie, wezi wako kila mahali, si kosa lako.

Angalia basi nilipofika. Madam ananiona mwema. Bibi ananiona mwema. Hata wale watumishi wengine jikoni wananiambia, Saada una moyo, kumtetea mtu wa nchi nyingine. Nikisema ni mimi, wanasema angalia alivyo na huruma. Kadiri ninavyokiri ndivyo wanavyonisifu. Nilidhani kusema kweli ndiyo kazi ngumu, na mtu akiisha kuisema mzigo unashuka. Nimeisema kwa kila mtu na mzigo bado ninao.

Alhamisi hii nilipata ruhusa ya saa mbili nikaenda kwa Millicent. Anakaa hapahapa Al Rayyan, nyumba ya nyuma, chumba kimoja na wanawake watano. Tiketi yake ilikuwa ya jioni ileile. Nilimkuta anafunga sanduku kwa kamba kwa sababu zipu imekatika. Nikafunga mlango, nikamwambia, "Millicent, ni mimi niliyeharibu lulu. Si wewe, si fundi, si mtu yeyote." Nikamweleza tena yote, mara ya nne sasa, nikamwambia anitukane, anipige akitaka.

Aliacha kamba. Akanivuta tukaketi kitandani. Akasema, "Saada, wacha tu. Mimi najua venye hawa watu hufanya. Ni fundi alizibadilisha huko nyuma, ama ni mwenye duka mwenyewe, na mimi ndiye nilitia sahihi. Niliambiwa ulienda mpaka ofisini kwake kunitetea. Hakuna mtu mwingine alinifanyia hivyo, hata wale tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Usijibebee dhambi yenye si yako." Nikasema, "Millicent, ni yangu, wallahi ni yangu." Akasema, "Asante dada," akanikumbatia, akalia begani kwangu.

Halafu akainuka, akachukua jagi lake la umeme la kuchemshia maji. Akasema sanduku limejaa na kule kwao ana sufuria, jagi hili nichukue mimi, nimkumbuke. Nilikataa. Akalitia mikononi mwangu, akaifunga mikono yangu kwa mikono yake. Nikalipokea, Shangazi. Sikujua namna ya kutolipokea. Nikamsindikiza mpaka kwenye teksi nimelikumbatia jagi, akanipungia mkono mpaka kwenye kona. Sasa liko chumbani kwangu, na ndilo ninalochemshia maji ya chai.

Namba yake ya Nakuru ninayo. Nimeandika ujumbe mara tatu nikaufuta. Nikimwandikia tena atanishukuru tena.

Huna kosa lolote katika jambo hili. Usije ukakaa barazani ukajilaumu kwa sababu ya ukwaju. Ulinifunza vizuri, bangili zako zitashuhudia. Mimi ndiye niliyechukua elimu ya bangili nikaipeleka kwenye lulu, na nikaona unyonge kuuliza.

Nina ombi moja tu, na ndilo lililonifanya niandike. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua duniani ambaye ameona kwa macho yake kile ukwaju unachokifanya. Unajua unavyotafuna rangi ya bakuli la bati. Unajua mikono inavyonyauka ukiukamua. Tafadhali usinijibu kwamba Mungu anaijua nia yangu, au kwamba mimi ni mtoto mwema. Hayo nimeambiwa mpaka nimekinai. Mpe Idrisa karatasi ndogo akirudi, uandike, au umwambie Khadija akuandikie: Saada, nimesoma, na ninaamini kwamba ni wewe. Maneno hayo tu yananitosha.

Nisalimie Khadija na mumewe, mbusu Abdallah wa nne. Nisalimie Zuberi na mkewe, na Aisha mwambie nguo ya shule nitaituma mwezi ujao. Majirani wote wa Ngamiani wanaoniuliza, wape salamu, na habari hii wasiijue. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya mguu, akuweke mpaka nirudi nikuchue mwenyewe kwa mikono hii, kama bado utaitaka.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na ninayesubiri jibu lako,

Saada